Mlowezi wa Kiingereza aliyezikwa Tabora: wazazi wake tunawapataje?

MtuWaIsevya
Wakuu, kuna Mwingereza kazikwa hapa Tabora 1937. Jiwe lina jina, mwaka na umri wa miaka 52, basi. Wajukuu wanataka wazazi wake kule Uingereza, na jina lenyewe kule wanalo watu maelfu. Pa kuanzia?

MwishoWaReli
Mkuu, jina liacheni kwanza. Fungueni orodha ya mirathi ya Uingereza na Wales, inaanzia 1858. Aliyeacha mali kule huandikwa hata kama kafia Tanganyika: makazi, tarehe ya kufa, na nani kakabidhiwa mirathi. Huyo mara nyingi ni ndugu, na ndiye atakayewapa mji. Halafu orodha za abiria wa meli waliotoka Uingereza, namba ya jalada BT 27, 1890 hadi 1960, ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Msitazame Dar tu, wengine walikata tiketi ya Mombasa.

Mwenye miaka 52 mwaka 1937 kazaliwa 1884 au 1885. Kwenye sensa ya Aprili 1891 mtafuteni mtoto wa miaka 5 hadi 7. Sensa inataja na parokia aliyozaliwa.

BintiUjiji
Hapo kwenye umri msikaze sana, jiwe huchongwa kwa makadirio. Acheni mwaka mmoja huku na huku.

Mkishapata mji, nendeni faharasa ya vizazi ya ofisi kuu ya usajili. Ina jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, usajili ulipoanza. FreeBMD, tovuti ya faharasa hizo hizo, ni bure, ila humo jina la mama linaanza Septemba 1911, kwa huyu halisaidii. Faharasa imepangwa kwa robo mwaka, na robo hiyo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo wa mwishoni mwa Novemba 1884 anaweza kukaa robo ya Machi 1885, yaani Januari hadi Machi. Wengi hukwama hapo wakadhani mtoto hakuandikishwa.

MtuWaIsevya
Shukrani dada. Na kabla ya 1837?

MwishoWaReli
Daftari za parokia: ubatizo, ndoa, maziko. Ziliamriwa 1538, japo nyingi za mwanzo zimepotea, na za 1642 hadi 1660 zina mapengo. Chungeni kalenda: hadi 1752 mwaka wao ulianza Machi 25. Ndoa ya Aprili 1700 na ubatizo wa Februari 1700, utasema mtoto katangulia ndoa. Kumbe Februari hiyo kwetu ni ya 1701, miezi kumi baada ya harusi.