Kalasinga walianza na nyimbo na sala, silaha zilitoka wapi?

mdadisi_kweli: Wakuu habari zenu. Nimesoma kuwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga kule Punjab, alikuwa mtu wa kuimba sifa za Mungu tu, sasa mbona Kalasinga aliyekula kiapo lazima avae kisu? Na ni kweli dini yenyewe ni Uhindu na Uislamu vimechanganywa?

msomaji_wa_usiku: Mkuu haikutokea siku moja, ni miaka 200 na ushee na maguru kumi, yaani walimu viongozi wa dini waliofuatana, Nanak akiwa wa kwanza. Nanak kazaliwa 1469, akatembea sana halafu akatulia Kartarpur analima na wafuasi wake, na mle ndani kulikuwa na langar, yaani jiko la wote, tajiri, maskini, wa tabaka lolote mnakaa chini mnakula chakula kimoja, na kwa India ya wakati ule hilo lilikuwa zito sana jamani. Alipofariki 1539 uguru hakuwapa wanae, alishampa mfuasi wake Angad. Kilichogeuza mambo ni 1606. Guru wa tano, Arjan, aliyekamilisha kukusanya kitabu chao 1604, aliuawa Lahore enzi za mfalme Jahangir wa Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala India wakati ule. Mwanae Hargobind akafunga panga mbili kiunoni, moja ya mamlaka ya roho, nyingine ya dunia. Jibu lako linaanzia hapo.

bibi_historia: Na 1675 usiisahau, guru wa tisa Tegh Bahadur alikatwa kichwa Delhi chini ya Aurangzeb, mfalme mwingine wa Mughal, mwanae Gobind bado mtoto mdogo. Huyo mtoto ndo alikuja kuanzisha Khalsa, yaani jumuiya ya Kalasinga waliokula kiapo, pale Anandpur 1699, wenyewe wanasimulia aliuliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake, wakasimama watano. Kisu, nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma na kaptula vinatokea hapo. Kabla hajafa 1708 akasema guru sasa ni kitabu, sio mtu tena.

msomaji_wa_usiku: Hilo la kuchanganywa mimi silikubali kabisa. Kweli kitabu kina tenzi za mshairi Kabir na za Sheikh Farid ambaye alikuwa Sufi wa Kiislamu, ila ziliwekwa kwa sababu zilikubaliana na alichofundisha Nanak: Mungu mmoja, fanya kazi halali, gawana na mwenzio.

mdadisi_kweli: Asanteni sana, kumbe kisu kimekuja baada ya guru kuuawa, mi nilikuwa nasoma kinyumenyume. Ngoja nianze na Hargobind.