Hivi ukisema "Mungu" badala ya "Yahweh" maombi yanapotea njia? Njooni tujadili

Wakuu habari za jioni. Mi ni dereva bajaji hapa Bagamoyo, kijiwe chetu kipo karibu na soko la samaki. Kioo cha nyuma nimebandika stika ya Jehova Jire. Wiki iliyopita nimepakia abiria wa Magomeni, kaisoma ile stika basi mpaka tunafika ananihubiria tu, eti Kiebrania hakina J kwa hiyo hilo jina feki, ni Yahweh, na Yesu ni Yahushua, basi, na ukiomba kwa "Mungu" au "Yesu" ni sawa na kukosea namba ya simu, anapokea mwingine huko. Alinikera ila alinifikirisha. Nimerudi kijiweni nikawasimulia, mwenzangu mmoja Muislamu akacheka, sisi tunayo majina ya Mungu tisini na tisa na hatugombani, nyie mnayo mangapi? Nikakosa jibu. Nimekaa na Biblia siku nne, nilichopata ni hiki, mnikosoe.

Kwenye J nampa haki yake. Jina lenyewe ni herufi nne, yodi he vavu he, na limo mara zaidi ya 6,800 kwenye Agano la Kale la Kiebrania. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakilifikia wanasoma Adonai, yaani Bwana, ndo maana hata Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version ya 1952, sehemu nyingi unakuta BWANA kwa herufi kubwa. Sasa Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, wanakili walipokuja kuweka alama za irabu wakapachika pale irabu za Adonai ili msomaji akumbuke kusema Adonai, Wakristo wa Ulaya wao wakasoma vyote kwa mkupuo, ikatoka Yehova. Wasomi wengi wanasema zamani lilitamkwa kama Yahweh, ila hayo ni makisio mazuri tu. Hivi mtu ananifungiaje mlango wa maombi kwa matamshi ya kukisia? Vatican nao mwaka 2008 walielekeza Yahweh lisitamkwe kwenye ibada na nyimbo, tuseme Wakatoliki wote wanakosea namba?

Ila kilichonishtua mimi ni Jire mwenyewe. Soma Mwanzo 22, Ibrahimu hakumpa Mungu jina, alikiita hivyo *kile kilima* alipopata kondoo badala ya mwanawe. Jehova Nisi ni madhabahu ya Musa. Jehova Shalomu ni madhabahu ya Gideoni. Jehova Shama mwisho wa Ezekieli ni jina la mji! Sisi tunayaimba yote kama majina ya Mungu (stika yangu sitoi lakini, nimeilipia). Yaani ni watu waliotendewa jambo mahali fulani, wakaacha alama kwamba hapa alinitokea.

Halafu hapo neno Yire asili yake ni kuona, Bwana ataona. Shina hilo hilo ndo limo kwenye El Roi, Mungu anionaye, Mwanzo 16. Na aliyemwita Mungu hivyo ni nani? Hajiri. Mmisri, mjakazi, mjamzito, katoroka mateso yuko peke yake jangwani. Siyo kuhani, wala Mwebrania siyo. Sisi wa mji huu ambao watumwa walifikishwa pwani hapa hapa, na misheni ya 1868 ikaanza na watumwa waliokombolewa, watu wa bara kila mmoja na lugha yake ya kumlilia Mungu, tungekuwa wa kwanza kumwelewa yule mama. Mswahili akidhulumiwa anasema nini? Mungu anaona. Abiria wangu yule kwa mfano alishuka akanipa pungufu mia tano, nikamwambia Mungu anaona, na Kiebrania sikuhitaji.

Najua mtaniletea Kutoka 3:15, kwamba hili ndilo jina langu hata milele. Kiukweli mstari huo unanisumbua, na anayelipuuza jina kabisa naye simuungi mkono, maana ukisoma "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" mstari wa juu yake unaona Mungu anataka kujulikana, siyo kuwa "Mungu" wa jumla jumla tu. Ila mwenye kuomba kwa Kiswahili hajamkana huyo. Wanafunzi walipotaka wafundishwe kuomba, Luka 11, Yesu aliwaambia waseme Baba. Msalabani kwenye Marko kalia Eloi, na hicho ni Kiaramu.

Wengine mtakuja na Matendo 4:12, hakuna jina jingine tupasalo kuokolewa kwalo. Sawa, ila kitabu hicho kiliandikwa kwa Kigiriki, na jina lililoandikwa humo ni Iesous, ambalo ndo limetupa sisi Yesu. Hata pale Agano Jipya linaponukuu mistari yenye zile herufi nne, nakala za Kigiriki zilizopo zinaandika Kyrios, Bwana. Kwa hiyo wa upande wa yule abiria naomba mnijibu hapo tu, Luka na Paulo nao walikosea namba?