Tunahamia Fort Campbell: shule ya kambini, ya nje, au mkubwa abaki?

Mama Watatu
Habari zenu jamani. Mume wangu amepata oda ya jeshi ya kutoka Texas kwenda Fort Campbell, kambi iliyo mpakani mwa Kentucky na Tennessee, tufike Januari. Mkubwa yuko darasa la 12, la mwisho sekondari. Mdogo alitimiza miaka mitano katikati ya Agosti, ndiyo kwanza kaanza chekechea. Niwaandikishe shule za DoDEA (za Wizara ya Ulinzi) kambini, shule ya umma nje, au mkubwa nimwache kwa dada yangu amalizie? Silali kwa ajili yake.

Baba Neema
Anza na nyumba. Shule za DoDEA za ndani ya Marekani kwa kawaida ni za wanaoishi kambini. Mkipata nyumba humo, mimi nachagua hizo bila kusita: walimu wamezoea watoto wa kuhamahama.

Wanjiku
Shule ya nje si mbaya, Mama Watatu. Majimbo yote 50 yamo kwenye mkataba wa kuwarahisishia watoto wa wanajeshi kuhama shule. Omba nakala za rekodi uzibebe mwenyewe. Shule mpya inampokea mtoto kwa hizo. Chanjo ikipungua, una siku 30. Na huyo mdogo usihofu: Kentucky inataka awe ametimiza mitano kufikia Agosti 1, Texas ni Septemba 1, ila kwa kuwa ameshaanza, mkataba unamruhusu aendelee. Lakini shule binafsi haziguswi na mkataba huu.

Mzee wa Oda
Kwa darasa la 12 sikubaliani na wenzangu. Wangu alihama Februari, shule mpya ikataka asome upya historia ya jimbo. Tulihangaika wiki tatu. Mkataba unasema somo linalofanana na alilokwishasoma lisamehewe. Ikishindikana, shule ya zamani inaweza kumpa cheti cha kuhitimu. Hayo niliyajua nilipomwendea afisa wa shule wa kambini, na huduma yake ni bure. Ningerudi nyuma, ningemwacha amalize. Mkataba unamruhusu kubaki shuleni kwake hata kama mlezi anaishi wilaya nyingine. Mwandikie dada yako hati ya uwakala kabla hamjaondoka.

Wanjiku
Na mwenyewe anasemaje?

Mama Watatu
Dada yuko wilaya ya jirani, nilidhani mlango huo umefungwa. Kijana sijamuuliza, Wanjiku. Akirudi mazoezini leo tunakaa naye.