Biti imeng'ang'ania kwenye drili: nitaitoaje bila kuharibu mashine?

Muunda mitumbwi, Igombe

Salaam kwenu mafundi. Ninaunda mitumbwi hapa Igombe, na drili yangu ni ya waya, yenye kichwa cha mm 13 kinachofungwa kwa ufunguo. Juzi jioni nilikuwa ninatoboa mataruma (mbavu za mtumbwi) ya mvule kwa biti ya mm 10 ili nipitishe bolti, na katika matundu ya mwisho biti ikaanza kuteleza: kichwa kinazunguka, biti imesimama ndani ya mti. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikamaliza, na kwa kuwa giza lilikuwa limeingia niliiacha drili ndani ya mtumbwi chini ya turubai, biti ikiwa humo humo. Usiku mvua ikaja na upepo wa ziwani, turubai likafunuka.

Sasa pete ya kichwa, ile yenye meno inayozungushwa kwa ufunguo, haisogei hata kidogo, na ufunguo unaruka meno kila ninapoubana. Nimeivuta biti kwa plaizi na kuigonga pembeni mara mbili tatu bila mafanikio. Kijana wangu anashauri tuikate kwa msumeno, lakini ninahofia tutabaki na kipande ndani tusichoweza kukishika. Mwenye mtumbwi anausubiri, na drili nyingine sina. Naombeni msaada wenu.

Mchonga vyuma, Nyakato

Pole sana, fundi. Biti usiikate, kwa sababu shina lake ndilo litakalokuonyesha kama taya zinazoibana zimeanza kuachia, na usiendelee kuigonga pembeni, kwani pigo hilo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi na kupinda mhimili. Chomoa plagi kabla ya jambo lolote. Kama unatumia jenereta, kuizima hakutoshi; chomoa plagi yenyewe uiweke mahali unapoiona, maana mtu mwingine anaweza kuiwasha huku mkono wako uko kwenye ufunguo.

Ndani ya kichwa kuna taya tatu zinazopita katika matundu ya mshazari. Mgongoni taya hizo zina nyuzi, na nyuzi hizo huendeshwa na ile pete yenye meno unayoizungusha kwa ufunguo. Tatizo lako, kwa nionavyo, liko kwenye nyuzi hizo: zimekazwa kupita kiasi, zikajaa unga wa mti, kisha maji yakaleta kutu. Ndiyo maana kuivuta biti hakusaidii. Kinachotakiwa ni pete igeuke.

Ilaze drili kwa ubavu, kichwa kikiinama kidogo, udondoshe mafuta ya kulegeza kutu katikati ya taya, kwenye matundu matatu ya ufunguo na kwenye ukingo wa pete. Yakikosekana, dizeli iliyochanganywa na oili kidogo hufanya kazi, ila polepole. Usiisimamishe drili ncha juu, kwa sababu mafuta yatateremka hadi kwenye giaboksi na mota. Iache usiku mzima, na kila upitapo igonge pete kuizunguka kwa kipande cha mti, mapigo mepesi tu, ili mafuta yapenye.

Kuhusu ufunguo, kama umelika ni afadhali ununue mwingine leo kuliko kumaliza meno ya pete, ambayo hayabadilishwi. Nenda na ule wa zamani ulinganishe unene wa ncha inayoingia tunduni na idadi ya meno. Ukiitazama drili kwa mbele, ncha ya biti ikiwa upande wako, pete hulegea ikizungushwa kinyume cha mishale ya saa. Uweke ufunguo mpaka mwisho, uushikilie usitoke, kisha ugonge mkono wake kwa nyundo ndogo: pigo fupi kali hulegeza kuliko kusukuma kwa muda mrefu. Hamia tundu la pili na la tatu. Ikishindikana, bana sehemu laini ya kichwa iliyo nyuma ya pete kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), si ganda la plastiki, kisha ushike pete kwa spana ya bomba.

Seremala, Nansio

Ninakubaliana na fundi wa Nyakato, nami ninaongeza mawili. Wapo watakaokushauri ufungue kichwa chote. Katika drili zinazozunguka pande zote mbili, kichwa huzuiwa na skrubu iliyo ndani kabisa, tena yenye nyuzi za kushoto, na skrubu hiyo huifikii mpaka taya ziwe wazi. Kwa hiyo biti ikiwa ndani, ushauri huo hauna pa kuanzia.

La pili ni moto. Usipashe kichwa moto baada ya kutia dizeli, wala usiiwashe mashine kabla hujaifuta na kuiacha ikauke, kwa kuwa brashi za mota hutoa cheche. Na kwa wenye drili ya betri isiyotumia ufunguo, toeni betri kwanza, viringisheni mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye pete ili spana isiitafune plastiki, kisha mzungushe kwa mkono. Wengine huibana pete kwa spana na kubonyeza swichi mashine irudi nyuma. Nimeona kifundo cha mkono kikiteguka hivyo, na ninawaomba msifanye.

Muunda mitumbwi, Igombe

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nilitia dizeli na oili jana mchana, na leo asubuhi nimekwenda mjini kununua ufunguo mpya. Katika matundu mawili ya kwanza hapakuwa na dalili. Katika la tatu, pigo la nne, nikasikia mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika, na pete ikageuka robo mzunguko. Nikairudisha, nikaongeza mafuta, nikaifungua tena, hivyo hivyo mpaka biti ikatoka. Shina lake lina mifereji mitatu, na kingo za mifereji zimeinuka kiasi cha kukwaruza kidole.

Mchonga vyuma, Nyakato

Hongera, fundi. Kingo hizo zisawazishe kwa tupa kabla ya kuirudisha biti, la sivyo zitaishikilia tena. Fungua taya mpaka mwisho, zisugue kwa brashi, tone moja la oili, kisha futa. Utakapofunga, kaza katika matundu yote matatu. Halafu itazame ncha ya biti: mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyoua makali, na biti butu hukwama mtini na kuteleza kichwani. Inoe, na kila inapozama kidogo ivute nje imwage unga wake.