Fundi kanipasulia kaunta ya graniti, sasa anasema ni "mshipa wa jiwe"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Wiki ya tatu sasa jikoni kwangu hakupikiki, na mtu niliyemlipa anifungie kaunta ya graniti ananiambia kwenye simu kwamba ule ufa ni mshipa wa jiwe, nizoee tu. Si mshipa. Someni kwanza, kisha mwenye ujuzi aniambie kama namwonea.

Ufa unaanzia kwenye kona ya mbele ya tundu la sinki na kwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Siku ya kufunga haukuwepo, picha ninazo. Ulitokea usiku wa pili. Tulikuwa sebuleni tukasikia mlio kama kijiti kikavu kimevunjwa. Mshipa wa asili unaweza kuwa na rangi yake, lakini jiwe likishang'arishwa ukipitisha ukucha juu yake kwa kawaida hukwami. Hapa kwangu ukucha unanasa, maji yakimwagika yanazama na kuacha mstari mweusi, na upande mmoja umeshaanza kushuka kuliko mwenzake. Mshipa gani huo unaoshuka?

Nikachukua tochi, nikatoa vyombo vyote kabatini, nikalala chali kuangalia kwa chini. Hapo ndipo damu ilipochemka.

Nililipia jiwe la milimita 30. Imeandikwa kwenye karatasi tuliyosaini. Ukisimama mbele ya kaunta unaona ukingo mnene wa kupendeza, kumbe kuna ukanda wa jiwe umebandikwa kwa gundi chini ya ukingo. Nyuma ya huo ukanda jiwe lenyewe ni milimita 20. Nimepima mara nne, sehemu nne. Kubandika ukingo kwenyewe si kosa, ni jambo la kawaida kwenye kazi hii, lakini mteja huambiwa na hulipia anachopata. Tena tofauti hiyo si ndogo kama inavyosikika, kwa sababu uwezo wa bamba kuhimili kupinda unafuata mraba wa unene. La milimita 20 halifikishi hata nusu ya nguvu ya la 30! Angeniambia ukweli, ningejua kwamba linahitaji ubao imara chini yake. Hakuweka ubao wowote. Ameliegesha tu juu ya kuta za makabati.

Na hayo makabati hayakuwa sawa. Nilimwona kwa macho yangu akiweka pimamaji, akaona kiputo kimekwenda pembeni, akachukua silikoni na kumwaga mafungu mafungu kujaza mwanya. Silikoni ni laini, haibebi mzigo. Mwanya unajazwa kwa vipande vigumu, au kabati linanyanyuliwa mpaka likae sawa, ndipo jiwe lije. Graniti ina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hata hili jembamba ni kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba. Uzito wote huo ukikaa juu ya pointi tatu, sehemu iliyobaki hewani itapasuka tu, na itapasukia pale ilipo dhaifu. Kwangu ni kile kipande chembamba cha jiwe mbele ya sinki, kisichofika hata upana wa kiganja. Na sinki lenyewe kalining'iniza kwa silikoni peke yake, hakuna kishikizo hata kimoja. Likijaa, lita 40 za maji, ni kilo 40 zinazovuta jiwe hilohilo kwenda chini.

Kona za tundu amezikata kwa pembe kali, msumeno ukavuka mstari na kuacha mkwaruzo ndani ya kona. Kona ya ndani inatakiwa iwe ya mviringo, maana nguvu zote hukusanyika kwenye ncha kali, na ufa huanzia hapohapo. Wangu umeanzia kwenye ule mkwaruzo kabisa, unaonekana bila miwani.

Lakini kinachoniumiza zaidi ya jiwe ni vumbi. Alikata tundu la sinki humu ndani, kwa grinda, kavu, bila tone la maji. Nilipouliza akasema ni dakika kumi tu. Nyumba nzima ikawa nyeupe, hadi kwenye kitanda cha mtoto. Aliyeshika grinda alikuwa kijana msaidizi wake, amejifunga fulana puani. Vumbi la graniti lina silika. Chembe zake ndogo kabisa hupita kwenye kitambaa, huingia ndani ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba. Yule kijana hakuna aliyemwambia. Nilimpa maji ya kunywa nikamsihi atoke nje, bosi wake akamrudisha. Mimi pesa nitazisamehe siku moja, hilo silisamehe.

Sasa anataka aje ajaze ufa kwa epoksi ya rangi, apige msasa, tumalize. Nimekataa. Epoksi itaficha ufa, lakini chini bado hakuna kinachobeba jiwe, na bado si unene niliolipia. Nataka aling'oe, asawazishe makabati, achukue vipimo upya kwa kiolezo makabati yakiwa yameshafungwa (safari hii alipima kabla, ndiyo maana nyuma ukutani nina mwanya wa kidole mzima), alete milimita 30, na tundu likatwe karakana kwa maji. Au anirudishie hela zote.

Naomba msaada kwenye mambo mawili. Waliowahi kung'oa kaunta iliyogandishwa kwa silikoni, je, makabati yalipona, au niyahesabu nayo kwenye madai? Na kwa wanaojua sheria za mikataba: karatasi imeandika unene lakini haijataja dhamana, je, hiyo inatosha kumbana?

Anakuja kesho asubuhi na epoksi yake. Sitamfungulia.