Tupeane uzoefu: mafua ya mtoto yanayorudi kila mwaka majira yaleyale, mlijuaje kuwa ni aleji?

Mama Nasra (Moshi)
Wadau, habari za jioni. Binti yangu ana miaka sita. Huu mwaka wa tatu, masika yakishakata na majani yakianza kutoa vichwa, pua inafunguka kama bomba. Asubuhi kabla hajashuka kitandani ameshapiga chafya nane, tisa mfululizo. Mwaka wa kwanza tukapewa amoksilini. Mwaka wa pili amoksilini tena. Chupa inaisha, chafya ziko palepale.

Safari hii nikatafuta daftari nikawa naandika kila jioni. Homa: hakuna hata siku moja. Kamasi: maji matupu, si la njano. Macho: anayafikicha mpaka yanavimba. Siku za mvua: nafuu. Na mafua ya kawaida yangeisha ndani ya siku kumi, haya yalishaingia wiki ya nne.

Kilichonifumbua macho ni mwalimu wake. Aliniuliza kwa nini mtoto anasukuma pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu kila saa. Nikamwangalia vizuri: ana kamstari kembamba kamekatiza juu ya pua kwa sababu ya kusugua. Mimi nilikuwa naona ni utundu, nilishamzaba kofi la mkono kwa ajili hiyo. Linaniuma hadi leo. Mwenzangu uliyepitia haya, ulifanyaje?

Bi Mkubwa wa Ng'ambo (Unguja)
Pole mwanangu. Wa kwangu mjukuu, na kwetu hayakuwa majani. Kila kipupwe kikiingia, mwezi wa sita, mtoto kifua na chafya usiku kucha, mchana yuko mzima. Kila mtu anasema baridi. Nikajiuliza, baridi gani hiyo ya Unguja?

Kumbe mwezi wa sita ndipo natoa mablanketi sandukuni! Yamelala humo tangu mwaka jana, na mto wake ni wa sufi, niliurithi kwa mama. Vijidudu vya vumbi vinapenda sana hewa yetu yenye unyevu. Blanketi nikalifua kwa maji ya moto, moto kweli, nikalianika jua kali. Mto nikautoa chumbani, kwa uchungu lakini nikautoa. Wiki mbili, mtoto analala. Kwa hiyo angalia pia ni kitu gani unakitoa kabatini msimu huo.

Dada wa Kaunta
Niko duka la dawa miaka tisa, mada hii naijua kwa sura za akina mama. Nikiuliza "anawashwa?" nusu ya jibu nimeshapata. Mafua ya virusi yanaumiza koo na kuleta homa. Aleji inawasha: pua, macho, hata kaakaa, ndiyo maana wengine wanatoa ule mlio wa kukwaruza kooni.

Setirizini ya maji, dawa ya aleji, huwa na miligramu 5 kwenye mililita 5, lakini soma chupa yako. Miaka 2 hadi 5, dozi ni mililita 2.5, miaka 6 na kuendelea, mililita 5. Chini ya miaka miwili usijipimie, nenda kwa daktari. Na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Piriton nayo inakausha pua, ila mtoto atasinzia darasani halafu useme mzito wa kuelewa. Tena dawa nyingi za "mafua na kikohozi" ndani zina dawa ileile ya Piriton, ukichanganya unampa mara mbili.

Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, pua inazoea na kuziba zaidi. Ya maji chumvi hayana shida, tumia utakavyo. Na jamani, karafuu maiti msimpake mtoto mchanga puani.

Mkuu wa Kaya Dodoma
Mimi nina la kujutia. Upepo wa Agosti na Septemba hapa vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kijana wangu chafya, kisha kikohozi cha usiku, mwezi mzima. Nikawa nampa asali na tangawizi, nikiamini. Usiku mmoja nikasikia kifua kinalia kama filimbi. Nikamfunua shati: nyama katikati ya mbavu zinazama ndani kila anapovuta pumzi, sentensi haimalizi. Bodaboda saa nane za usiku.

Ilikuwa pumu, na aleji ya pua ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi. Muuguzi alinitobolea chupa ya maji ya nusu lita tuingizie ile dawa ya kuvuta, mtoto avutie mdomoni. Ukiona mbavu zinaingia au midomo inageuka rangi, acha tangawizi, ondoka.

Chinga Mstaafu
Sisi tulikua na kamasi na hatukufa. Watoto wa siku hizi mayai.

Mkuu wa Kaya Dodoma
Wa kwangu alikaribia, mkuu.

Mama Wawili Leicester
Huku Uingereza ni Juni na Julai, chavua za nyasi, yaani ule unga wa maua yake, na utabiri wake unatangazwa kama wa mvua. Mama yangu kwenye simu anasisitiza mtoto kapigwa jicho. Namwitikia "ndiyo mama", halafu naendelea: akitoka shule anavua sare mlangoni, anaoga na kichwa, mafuta ya mgando kidogo kuzunguka tundu za pua yanase chavua. Nguo naanika ndani, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga ni dhambi.

Daktari alituandikia dawa ya kupuliza puani, inaanzwa wiki mbili kabla ya msimu. Mwaka wa kwanza tulisema haifanyi kazi, kumbe tulikuwa tunaipulizia kwenye ukuta wa kati wa pua, damu zikawa zinatoka. Elekeza upande wa nje, kama unalenga sikio.

Mama Nasra (Moshi)
Asanteni, Bi Mkubwa nakushika mkono. Setirizini siku ya nne leo, usiku analala. Ila nimerudi kwenye daftari nikaona kitu: siku mbaya zote ni Ijumaa na Jumamosi. Nikamuuliza, akasema Ijumaa ndiyo siku ya kufyeka uwanja, darasa lao linakusanya majani. Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu apewe kazi ya kumwagilia maua. Kesho ndiyo Ijumaa.