D&D na mchezaji anayechelewa kuchambua sauti

Swali: Mchezaji wetu mmoja masikio yake ni mazima, ila watu wakiongea kwa pamoja maneno yanamchanganya. Tuipangeje meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa maneno na dadu?

Jibu: Wachezaji 3 au 4 na msimulizi anayeongoza hadithi, basi. Zimeni muziki na feni. Tandikeni kitambaa kizito. Dadu ya pande 20 ikigonga mbao inameza nusu ya sentensi.

Jibu: Majina ya kubuni ndiyo balaa, hayakisiki kwa muktadha. Yaandikeni kwenye kadi kabla hayajatamkwa. Kwenye mapigano zamu zinajulikana, anapumua. Vurugu huanza kwenye mazungumzo ya wahusika. Hapo wekeni kigae kimoja cha zamu: anayekishika ndiye anayeongea.

Jibu: Asiposikia, msipaze sauti. Rudieni mara moja tu, kisha badilisheni maneno. Na jamani, kumwambia "achana nayo" ni marufuku!